Kabla ya Kulipia Fremu ya Shokapu Mbili

Kwenye baiskeli nyingi za mtumba zenye sura ya milimani zilizotengenezwa kwa soko la Japani kuna kibandiko kidogo, mara nyingi kwenye bomba la kiti, ambacho huku kwetu karibu hakuna anayekisoma. Baiskeli yenyewe inatisha kwa sura: mabomba manene, matairi ya meno, foku yenye shokapu mbele na springi nyekundu au ya njano katikati, pale ambapo baiskeli yetu ya kawaida ya Phoenix ina nafasi tupu. Ukielekeza simu yenye programu ya kutafsiri kwenye kibandiko hicho, utakutana na neno linalosomeka akuro, yaani njia mbovu, na baada yake katazo. Mtengenezaji anakuambia waziwazi kwamba baiskeli hii inafanana na baiskeli ya milimani lakini haikuundwa kwenda huko. Ni ya kutoka nyumbani hadi kituo cha treni, juu ya lami. Sasa mtu aliyeko Runzewe, wilayani Bukombe, ajiulize: ukiacha ile barabara kuu inayopitisha malori ya Rusumo, ni njia gani hapa ambayo Mjapani asingeiita akuro?

Naanza na kibandiko hicho kwa sababu kinagusa kosa linalorudiwa sana na vijana wanaotaka baiskeli ya kushukia milima. Wanahukumu fremu kwa macho. Kosa hilo lina asili yake, wala si ujinga. Watu wa ukanda huu, tangu Bukombe ikiwa Shinyanga hadi ilipohamia Mkoa wa Geita mwaka 2012, wanaijua baiskeli kuliko Watanzania wengi. Baiskeli ndiyo inayobeba magunia ya mkaa na mahindi, ndiyo iliyobeba abiria Shinyanga na Kahama hadi ikaitwa daladala, na fundi wa chini ya mwembe anaweza kunyoosha foku iliyopinda kwa jicho tu. Lakini ujuzi huo wote umejengwa juu ya fremu ya chuma isiyo na kiungo hata kimoja. Phoenix ni mabomba yaliyoungwa. Ikisimama wima na haijapasuka, ni nzima. Fremu ya shokapu mbili ni mashine. Ina mkono wa nyuma unaopanda na kushuka, ina pini, beringi au bushi, ina shokapu inayofanya kazi kila jiwe linapogongwa. Mashine hainunuliwi kwa unene wa mabomba. Kwa hiyo hoja yangu katika makala haya ni moja: fremu ya namna hii ipimwe kwanza kwa vile vitu ambavyo, vikifa, hakuna mtu wa hapa atakayeweza kuvitengeneza. Vinavyotengenezeka vije baadaye, na rangi ije mwisho kabisa.

Ili tuelewane, kushuka mlima kwa kasi na kuruka majabali ni mchezo wenye mahitaji yake. Wamarekani wa Kaunti ya Marin, California, walipoanza mashindano yao ya kushuka mwaka 1976, walitumia baiskeli nzito za zamani za mjini zenye breki ya kukanyagia nyuma, na habu zilikuwa zinapata moto hadi grisi inaungua. Kila baada ya mteremko ilibidi wafungue habu na kupaka grisi upya, na mteremko ule ukabaki na jina la Repack, yaani kupaka tena. Tangu siku zile fremu zimebadilika mno. Baiskeli ya mashindano ya kushuka sasa ina mwendo wa gurudumu la nyuma wa kama milimita 200. Ya kuchezea majabali na kuruka ina kati ya 170 na 180. Mwendo ni ule umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kabla shokapu haijafika mwisho. Baiskeli ya kibandiko cha akuro kwa kawaida haifikii hata nusu ya huo. Ila mwendo peke yake usikudanganye, kwani kuna jambo kubwa zaidi ambalo halionekani ukiwa umesimama pembeni.

Jambo hilo ni mafuta. Springi hukusanya nguvu ya kishindo na kuirudisha, haijui kuila. Kazi ya kuila ni ya mafuta yanayolazimishwa kupita kwenye matundu madogo ndani ya shokapu, yakageuza kishindo kuwa joto. Shokapu nyingi za bei rahisi hazina mafuta kabisa, ni springi iliyovishwa kwenye chuma. Kwenye tambarare hutaona tofauti. Kwenye mteremko wenye mawe matatu yanayofuatana, jiwe la kwanza linaibana springi, la pili linakuta imeanza kufyatuka, na la tatu linakurusha mbele juu ya usukani. Kupima ni rahisi, hata dukani. Simama pembeni ya baiskeli, kandamiza kiti kwa uzito wa kifua chako wote, kisha achia ghafla. Kiti kikiruka kama manati na kucheza mara mbili tatu kabla ya kutulia, hiyo ni springi tupu. Kikirudi kwa utulivu, mara moja, na kusimama, ndani kuna mafuta na bado yanafanya kazi. Shokapu ya mafuta ikiruka kama manati nayo imekufa: mafuta yamevuja au yamechoka. Pitisha kidole kwenye ule mhimili unaong'aa. Ukikuta unyevu wa mafuta wenye vumbi lililoganda, au mkwaruzo unaoshika ukucha, sili zimekwisha au zinaelekea kwisha.

Baada ya mafuta, njoo kwenye hesabu, na hesabu hii inamfaa hata asiyependa hesabu. Pima urefu wa shokapu kutoka katikati ya tundu la bolti moja hadi katikati ya tundu la bolti nyingine, kisha pima sehemu ya mhimili inayoweza kuingia ndani. Fremu za kweli za kushuka za miaka mingi zilitumia shokapu za milimita 222 kwa 70 au 241 kwa 76. Mpangilio mpya ulioanza mwaka 2016 una vipimo kama 230 kwa 65 na 250 kwa 75. Namba ya kwanza ni urefu, ya pili ni mwendo wa mhimili. Gawanya mwendo wa gurudumu kwa mwendo wa mhimili. Milimita 200 kwa 76 inakupa kama 2.6. Maana yake ni kwamba kila kishindo kinachofika kwenye gurudumu kinafika kwenye shokapu na bolti zake kikiwa kimezidishwa mara mbili na nusu na ushee. Sasa chukua fremu ya sura tu yenye kashokapu kafupi, ambako uwiano unaweza kufika 4. Ukitua kwa kishindo cha kilo 200 kwenye gurudumu, bolti ile ya shokapu inabeba kilo 800. Mabati mawili membamba yanayoishika, yaani masikio ya shokapu, ndiyo yanayochanika kwanza, na ndiyo maana sehemu hiyo ni ya kuangaliwa kabla ya zote unapotafuta nyufa. Ukubwa wa shokapu unasema pia kama utapata nyingine. Yenye kipimo cha kawaida inaweza kuagizwa kutoka popote. Yenye kipimo ambacho kampuni ilijitengenezea peke yake ikifa, umebaki na pambo la ukutani.

Sasa viungo. Hapa ndipo ninapotaka mnunuzi atumie muda mwingi kuliko mahali pengine pote, na hapa ndipo watu wa Runzewe wana bahati ambayo hata wa Dar es Salaam wangeitamani. Kwanza namna ya kupima. Mwombe mwenzako akalie kiti kwa uzito mdogo, wewe chuchumaa nyuma. Mkono mmoja ushike tairi kwa juu, vidole viwili vya mkono mwingine viguse pale mkono wa nyuma unapokutana na fremu, nusu ya kidole kwenye fremu, nusu kwenye mkono. Sukuma tairi kulia na kushoto, taratibu. Ukihisi mgongano mdogo chini ya vidole, kiungo hicho kimelegea. Rudia kwa kila kiungo, maana fremu nyingine ina kimoja kikubwa tu na nyingine ina vinne kila upande. Usichanganye na mchezo wa habu: shika rimu karibu na bomba la mkono, uone kama rimu inacheza peke yake. Kisha fungua bolti moja ya shokapu, mkono wa nyuma ubaki huru. Uinue hadi juu na uuache ushuke wenyewe. Ukishuka laini kwa uzito wake, vizuri. Ukikwama mahali na kupita kwa vitone vitone kama mtu anayepanda ngazi, gololi zimechimba njia zake ndani ya beringi na beringi hiyo imekwisha, hata kama haijalegea.

Shokapu ikiwa bado imefunguliwa, kuna kipimo kingine ambacho wauzaji hawakipendi. Sukuma mkono wa nyuma juu hadi pale ungefika shokapu ikiwa imebanwa kabisa. Tairi likigusa bomba la kiti au kiti chenyewe kabla ya hapo, mtu amefunga shokapu isiyo yake au gurudumu kubwa kuliko lililokusudiwa. Siku utakapotua vibaya, tairi litakamata fremu na gurudumu litasimama ghafla. Hiyo si kasoro ya kuomba punguzo la bei. Hiyo ni ya kuacha.

Beringi iliyokwisha, kwa upande mwingine, haitakiwi kumtisha mnunuzi wa huku. Beringi nyingi za viungo ni za kawaida, zina namba iliyopigwa kwenye kifuniko cha mpira au kwenye ukingo wa chuma, na namba hiyo ni lugha ya dunia nzima. Tarakimu mbili za mwisho zinataja tundu la ndani: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Tarakimu za mwanzo zinataja unene wa umbo. Kwa hiyo 6902 ina tundu la milimita 15, upana wa nje 28 na unene 7; 6802 ina tundu lilelile la 15, lakini nje ni 24 na unene 5. Tahadhari ya dukani ni hii: muuza spea za pikipiki atakuletea 6202 kwa sababu naye ameona 02. Tundu litaingia kwenye pini yako sawasawa, ila nje ina milimita 35 na haitakaa kwenye fremu hata kwa nyundo. Na kwa kweli nyundo isihusike. Eneo lenye karasha za kusagia mawe, pampu za kutoa maji kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, na mota za kila aina haliwezi kukosa wauza beringi, na Kahama na Geita mjini wapo. Palipo na migodi pana pia mafundi wa kukereza vyuma. Pini iliyolika ichongwe upya kwa chuma kizuri. Bushi ya shaba au naironi ikerezwe kwa kipimo cha ileile iliyochoka. Hata kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia gia ya nyuma, ambacho huvunjika kirahisi baiskeli inapoangukia upande wa kulia, mtu mwenye msumeno, tupa na subira anaweza kukinakili kutoka kwenye bamba. Ndiyo kusema kiungo kilicholegea ni hoja ya kupunguza bei. Lakini angalia kiti cha beringi ndani ya fremu, lile tundu inamokaa. Beringi ikiingia kwa kusukumwa na kidole, tundu limetanuka, na tundu ni fremu yenyewe. Hilo haliletwi na duka lolote.

Hapa tumefika kwenye vitu visivyotengenezeka, na cha kwanza ni mabomba ya alumini. Tafuta sumaku, hata ya spika mbovu ya redio. Fremu ikiikamata sumaku ni chuma, na fremu ya chuma yenye shokapu mbili mara nyingi ni ile ya kibandiko. Isipokamata, mara nyingi ni alumini, na alumini ina tabia ambayo fundi wa Phoenix hajazoea. Chuma kikibebeshwa mzigo ulio chini ya kiwango fulani kinaweza kuustahimili miaka na miaka bila kuchoka. Alumini haina kiwango hicho. Kila kishindo, hata kidogo, kinakata sehemu ya maisha yake, na siku moja ufa unaanza mahali penye mkazo. Tafuta ufa chini ya shingo ya fremu pale bomba la chini linapoungana, kwenye masikio ya shokapu, kuzunguka kiungo kikuu, kwenye mkato wa bomba la kiti, na kwenye maungio yote ya mkono wa nyuma karibu na tairi. Kuna njia ya zamani iliyotumiwa na mafundi wa reli kukagua ekseli, na vifaa vyake viko kila kijiji: mafuta ya taa na chaki. Safisha sehemu, paka mafuta ya taa, subiri kama robo saa, futa hadi pakauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki ya ubaoni. Bana na achia shokapu mara kadhaa. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi mwembamba juu ya ule weupe. Mkwaruzo wa rangi hautachora kitu. Pitisha pia kiganja chini ya bomba la chini, nyuma tu ya shingo. Ukihisi mawimbi kama ya bati lililobonyea, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele.

Mtu atasema: ufa si tatizo, yupo fundi anayechomelea alumini kwa gesi ya agoni. Ni kweli wapo, na wengine ni hodari hasa. Tatizo halimo mikononi mwa fundi, limo ndani ya alumini yenyewe. Fremu nyingi zimetengenezwa kwa alumini ya daraja la 6061, ambayo nguvu yake inatokana na kupikwa kiwandani: hupashwa moto hadi karibu nyuzi 530, ikazamishwa ghafla majini, kisha ikawekwa saa kadhaa kwenye joto la nyuzi mia na sitini au sabini hivi. Ukiichomelea, sehemu ya kandokando ya mchomo inarudi kuwa laini na kupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Mchomo unaweza kuwa mzuri kama uzi wa cherehani na fremu ikavunjika sentimita mbili pembeni. Kuna daraja la 7005 ambalo halihitaji kuzamishwa majini na huvumilia zaidi, lakini nalo hulazwa kwenye tanuri likamilike. Kwa baiskeli ya kwenda sokoni, chomelea. Kwa ya kushuka mlima, masikio ya shokapu au shingo ikiwa na ufa, fremu imekufa, na bei yake halali ni bei ya alumini chakavu kwa kilo. Fremu ya kaboni iliyogongwa naiweka kundi hilohilo, tena kwa mkazo, kwa sababu kaboni huficha jeraha lake ndani.

Wengine hupima kwa uzito: nzito ndiyo ngumu. Hoja hiyo ni ya Phoenix. Fremu ya chuma duni ni nzito kwa sababu chuma chenyewe ni dhaifu, ikabidi kiwe kingi. Wengine hupima kwa jina, na jina lina thamani zaidi kuliko uzito, ila majina makubwa yote yametengeneza pia baiskeli za kwendea shuleni. Santa Cruz V10, Trek Session, Giant Glory, Kona Stinky, Specialized Big Hit: hizi zilizaliwa kwa kazi hii. Jina lilelile kwenye fremu nyingine halithibitishi kitu, na stika zinachapishwa kokote. Kwenye baadhi ya baiskeli za karibuni kuna alama ya daraja la matumizi, namba ndani ya mchoro, na namba 5 ndiyo ya kushuka na kuruka. Ukiiona, nusu ya maswali yako yamejibiwa.

Umbo la fremu lipimwe kwa simu. Programu ya kupima usawa ukiilaza kwenye foku, baiskeli ikiwa kwenye sakafu tambarare, itakupa pembe ya shingo. Fremu za kushuka za sasa ziko kati ya nyuzi 62 na 64. Ukikuta 69 au 70, gurudumu la mbele liko karibu mno na miguu yako na kwenye mteremko mkali utajiona unaning'inia juu ya usukani. Usijaribu kuponya hilo kwa kufunga foku ndefu. Kila milimita 20 za ziada zinalaza shingo kwa kama nyuzi moja, ni kweli, lakini pia zinarefusha mkono wa wenzo unaoivuta shingo kila unapogonga jiwe. Na kama fremu inauzwa tupu, angalia ekseli yake ya nyuma kabla ya kitu kingine. Fremu nyingi za kushuka zinataka habu ya milimita 150 au 157 yenye ekseli ya unene wa 12, na habu hiyo hutaiokota kwa fundi yeyote kati ya Ushirombo na Masumbwe. Ushauri wangu kwa mtu wa huku ni baiskeli kamili, hata iliyochakaa, kuliko fremu tupu inayong'aa.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu kuliko yote: kwamba shokapu ya nyuma yenyewe haihitajiki. Wenye hoja hii wana ushahidi mkubwa jirani tu. Kule Goma, Kivu Kaskazini, skuta za kusukuma za mbao ya mkaratusi, ziitwazo chukudu, zimekuwa zikishusha magunia ya viazi na makaa kutoka milimani kwa miaka mingi, mzigo wa mamia ya kilo, gurudumu la mbao lililovikwa ukanda wa tairi, breki ikiwa kipande cha mpira kinachokanyagwa kwa mguu. Chombo hicho kina heshima ya sanamu kwenye makutano ya barabara mjini. Kimedumu kwa sababu hakuna sehemu yake hata moja ambayo seremala wa pale hawezi kuichonga asubuhi na kuifunga jioni. Ukiniuliza, chukudu inaunga mkono hoja yangu kuliko inavyoipinga: chombo cha mteremko hupimwa kwa kinachoweza kurekebishwa pale kinapotumika. Nakubali pia kwamba kwa watu wengi wanaosoma hapa, fremu ngumu nzuri isiyo na shokapu nyuma, yenye foku ya mafuta mbele, itawafaa zaidi, itawafundisha zaidi, na haitawadai beringi. Anayebeba mzigo asiiguse kabisa fremu ya shokapu mbili. Gunia juu ya mkono wa nyuma hufanya viungo vyote vifanye kazi ambayo havikuumbiwa. Lakini ukizidisha kasi na ukubwa wa mawe, kuna mahali ambapo miguu ya binadamu haitoshi tena kuwa shokapu, na gurudumu la nyuma linaloruka haliwezi kufunga breki. Anayefika huko anahitaji mashine, na basi iwe mashine kweli.

Hesabu ya gharama isisahau vumbi. Kuanzia Juni hadi Oktoba vumbi jekundu la huku huingia kila penye upenyo, na mvua zikianza linageuka tope la kusaga. Viungo vya fremu iliyoundwa kwa misitu yenye unyevu ya Ulaya havitadumu hapa muda ulioandikwa kwenye kijitabu. Vifute kwa kitambaa, na usiviweke mbele ya mpira wa maji ya kasi kule wanakooshea bodaboda, kwa kuwa maji hayo hupita sili na kuifukuza grisi. Ukishainunua, funga uzi kwenye mhimili wa shokapu, kaa juu ya baiskeli ukiwa umevaa kila kitu, ushuke taratibu na upime uzi ulisogea kiasi gani. Kama asilimia 30 ndiyo inayotakiwa, yaani milimita 21 kwenye shokapu ya mwendo wa 70. Ikizidi mno, springi ni laini kwa uzito wako. Springi nyingi zimeandikwa namba mbili, kwa mfano 450 kwa 3.0, ya kwanza ndiyo ugumu, na ndiyo unayobadilisha. Na mteremko wowote wa upande wa machimbo upandwe kwanza kwa miguu hadi juu, kwa sababu maduara yaliyoachwa hayana uzio, na majani ya baada ya mvua huyafunika hadi mdomoni.

Nenda dukani, basi, na spana za L, sumaku, futi, chaki na chupa ndogo ya mafuta ya taa. Mwambie muuzaji mapema kwamba utafungua bolti moja ya shokapu na utaifunga mwenyewe. Akikubali, mna biashara ya kuzungumza, hata kama beringi zote zimekufa. Akikataa, rudi na hela yako.